Kufikika, Kupatikana na Kiganjani: Ufafanuzi wa Maneno ya Urahisi wa Kufikia Huduma kwa Mifano ya Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Tasnifu na taarifa za kiserikali zinazohusu mikoa ya pembezoni hutumia mara kwa mara maneno kufikika, kupatikana na kiganjani ili kueleza kwamba huduma fulani iko karibu na mwananchi. Makala haya yanafafanua tofauti za kimaana na za kisarufi baina ya maneno hayo kwa kutumia mifano ya Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba kauli ya kutendeka humwondoa mtu katika sentensi, na neno kiganjani hudai kwamba kitu kimekwisha kushikwa. Kwa sababu hiyo, mwandishi anayetumia maneno hayo ana wajibu wa kumrudisha mtu katika sentensi kwa kutaja anayefikia, njia au chombo anachotumia na wakati anaofikia. Bila hayo, sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi na kumpotosha msomaji kwa wakati huohuo.

Maneno ya msingi: kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa, ufikiaji, upatikanaji, kiganjani, Kigoma.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kigoma ndio mwisho wa Reli ya Kati, takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Reli hiyo ilifika mjini hapo mwaka 1914, na tangu wakati huo imewezekana kusema kwamba Kigoma inafikika. Hata hivyo, kitenzi hicho kimoja kimetumika kueleza mambo mengi yasiyofanana: treni inayofika mjini, barabara inayopitika kiangazi pekee, boti inayokwenda kijijini siku ambazo ziwa limetulia, na siku hizi simu inayopeleka fedha kutoka Ujiji hadi Kariakoo kwa muda mfupi. Barabara hupimwa kwa kigezo cha kupitika majira yote. Zahanati huelezwa kuwa inafikika. Dawa huelezwa kuwa zinapatikana. Huduma za mtandao huelezwa kuwa ziko kiganjani.

Uzito wa jambo hili hauishii katika ufasaha wa lugha. Taarifa inayosema kwamba huduma inafikika husomwa na mpangaji wa bajeti, naye huweza kuhitimisha kwamba eneo hilo halihitaji kupewa kipaumbele. Ikiwa neno limetumika kwa uzembe, anayelipia uzembe huo ni mwananchi aliyeandikwa kuwa amekwisha kufikiwa ilhali bado anangoja. Kwa hiyo, uchaguzi wa kitenzi katika tasnifu ni sehemu ya usahihi wa data yenyewe.

2.0 Msemo wa Kiingereza na kiganja cha Kiswahili

Wazungumzaji wa Kiingereza husema kitu kipo ‘at your fingertips’, yaani kwenye ncha za vidole, wakimaanisha kwamba mtu anaweza kukipata au kukitumia mara moja bila kuhangaika. Msemo huo hutumika hasa kwa taarifa, maarifa na zana. Kwa umbali wa mahali, Kiingereza kina misemo mingine. Katika Kiswahili cha Tanzania, neno lililochukua nafasi ya msemo huo katika matangazo na hotuba ni kiganjani. Lilishamiri pamoja na huduma za fedha kwa simu, ambazo zilianza kuenea nchini mwaka 2008 kwa kuzinduliwa kwa M-Pesa. Baadaye lilienea katika lugha ya serikali mtandao, eneo ambalo lilitungiwa sheria yake mwaka 2019.

Neno hili halikutafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, na tofauti iliyopo ina maana. Ncha ya kidole hugusa, ilhali kiganja hushika. Kitu kilicho kwenye ncha za vidole kiko karibu kuchukuliwa, lakini kilicho kiganjani kimekwisha kuchukuliwa. Sarufi inathibitisha jambo hilo. Nomino yenye kiambishi tamati -ni huweza kuchukua upatanisho wa aina tatu za mahali: pa-, ku- na mu-. Matangazo mengi husema kiganjani mwako, kwa upatanisho wa mu-, ambao huonyesha undani. Kinachodaiwa ni kwamba huduma imo ndani ya mkono uliofumbwa. Neno lililo jirani nalo, yaani mkononi au mikononi, lina madai hayohayo ya umiliki, kama inavyoonekana katika usemi kwamba mtuhumiwa yuko mikononi mwa polisi.

Kwa hiyo, kiganjani ni dai zito kuliko msemo wa Kiingereza. Linafaa pale tu ambapo huduma huanza na kumalizika ndani ya simu yenyewe: kutazama salio, kutuma fedha, kulipa ankara. Halifai pale ambapo simu hutumika kuanzisha jambo litakalomalizikia mbele ya dirisha la ofisi. Mifano ifuatayo inaonyesha tofauti hiyo:

(1) Mfanyabiashara wa dagaa wa Ujiji hupokea malipo ya mteja wake wa Dar es Salaam kiganjani.

(2) Mkazi wa Kalya hupata cheti cha kuzaliwa kiganjani.

Sentensi ya (1) ni sahihi ikiwa mfanyabiashara huyo ana simu, laini iliyosajiliwa, chaji na mtandao, na ikiwa wakala aliye karibu naye ana fedha taslimu anapozihitaji. Sentensi ya (2) ina kasoro hata kama masharti hayo yote yametimia, ikiwa kilichofanyika kwenye simu ni maombi tu na cheti chenyewe kinafuatwa ofisini. Kwa mkazi wa mwambao wa kusini wa Wilaya ya Uvinza, sehemu ya safari hiyo huweza kuwa ni ya majini. Kilicho kiganjani mwake ni fomu. Mwandishi makini angesema kwamba maombi ya cheti hufanyika kwa simu, kisha akaeleza mahali cheti kinapochukuliwa.

Methali ya Kiswahili imekwisha kuliona jambo hili: fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo haikanushi kuwapo kwa fimbo. Inachokanusha ni manufaa ya fimbo kwa mtu ambaye nyoka yuko miguuni pake.

3.0 Kauli ya kutendeka na mtu aliyeachwa nje

Vitenzi fikika na pitika vimenyambuliwa kwa kiambishi -ik-, na patikana kwa -ikan-. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kwamba umbo hili hubeba dhana mbili: hali na uwezekano. Kikombe kimevunjika ni hali, ilhali kazi hii inafanyika huweza kumaanisha kwamba kazi inaendelea kufanywa au kwamba ni kazi inayowezekana. Utata huo ndio chanzo cha matatizo mengi katika taarifa za huduma. Anayeandika kwamba dawa zinapatikana wilayani huenda anamaanisha kwamba zimo rafuni leo, au kwamba mtu akizitafuta hatazikosa kabisa. Mgonjwa husoma maana ya kwanza, ilhali bohari hujitetea kwa maana ya pili.

Tofauti ya pili ni ile iliyopo baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa:

(3) Kijiji kinafikika.

(4) Kijiji kimefikiwa na wauguzi wa chanjo.

(5) *Kijiji kinafikika na wauguzi wa chanjo.

Kauli ya kutendwa, kama katika (4), humruhusu mtenda kutajwa kwa kutumia na. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Sentensi ya (5) haikubaliki katika Kiswahili sanifu, na hata ikisikika mitaani, msikilizaji huielewa kwa kuirekebisha kimoyomoyo. Kinachoruhusiwa ni kutaja chombo kwa kutumia kwa, kama vile kinafikika kwa boti. Sarufi ya neno hili, basi, inamwachia mwandishi mlango wa kutaja chombo na kumfungia mlango wa kumtaja mtu. Sifa ya kufikika huonekana kana kwamba ni ya kijiji, kama urefu wa mlima au kina cha maji, ilhali kwa kweli ni uhusiano baina ya kijiji na mtu fulani anayetaka kukifikia.

Njeo nazo zina kazi yake. Hupatikana hutaja mazoea, zinapatikana hutaja sasa au uwezekano, na zimepatikana hudokeza kwamba kabla ya hapo zilikosekana. Inastahili kukumbukwa kwamba ujumbe wa kampuni za simu, unaojulikana na kila mwenye simu Tanzania, husema mteja hapatikani kwa sasa. Maneno mawili, kwa sasa, huweka mpaka wa wakati ambao taarifa nyingi za huduma husahau kuuweka.

4.0 Kufikika hubadilika kwa wakati na kwa chombo

4.1 Ujiji na Kigoma

Ujiji ni ushahidi wa kihistoria kwamba kufikika si sifa ya kudumu. Burton na Speke waliwasili hapo mwezi Februari 1858 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani, na mwaka 1871 Stanley alikutana hapo na Livingstone. Katika karne hiyo Ujiji ilikuwa ndiyo bandari: misafara iliishia hapo na mitumbwi ilianzia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji ya ziwa yalipata njia kwa nguvu kupitia Mto Lukuga, upande wa Kongo, na uso wa ziwa ukashuka kwa mita kadhaa. Ufukwe ulisogea, na leo eneo la kumbukumbu ya Livingstone liko mbali na maji. Wajerumani walipojenga reli waliipeleka kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina na kinga dhidi ya mawimbi. Ujiji haikuhama, ila kilichobadilika ni maji, chombo na njia, na neno kufikika likabadilika pamoja navyo. Katika miaka ya karibuni, hasa tangu 2020, ziwa limepanda tena na kufunika sehemu za ufukwe.

4.2 Gombe na Liemba

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, iko kilomita zipatazo 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Kwa kipimo cha ramani, hifadhi hiyo na mji ni kama pua na mdomo. Hata hivyo, hifadhi hufikika kwa njia ya maji. Mgeni mwenye fedha za kukodi boti ya kasi na mwanakijiji anayesubiri boti ya abiria mwaloni Kibirizi huelekea mahali pamoja, lakini umbali wao hauwi mmoja. Kilomita zilezile ni mwendo mfupi kwa mmoja na ni sehemu kubwa ya siku kwa mwingine.

Meli ya Liemba inatoa funzo hilohilo kwa upande wa pili. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilihudumia vijiji vya mwambao hadi Mpulungu, Zambia. Katika vituo vyake vingi hapakuwa na gati. Meli ilisimama ziwani, na abiria, magunia na watoto wakapanda na kushuka kwa mitumbwi iliyoifuata ubavuni, mara nyingi usiku. Katika ratiba, kijiji cha namna hiyo kilifikika kwa meli. Kwa mama mjamzito au mzee asiyeweza kuruka kutoka mtumbwini hadi mlango wa meli, sentensi hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, kwa kuwa meli ilifika lakini yeye alibaki.

4.3 Dagaa na mwezi

Hata bidhaa inayohesabiwa kuwa tele ina majira yake. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hupoteza nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Tena, mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mtafiti aliyekusanya data za lishe kabla ya tarehe hizo na yule aliyezikusanya ndani yake wanaweza wote kuandika kuhusu upatikanaji wa dagaa Ujiji, wakapingana, na wote wakawa wakweli. Tarehe ya kukusanya data ndiyo itakayowapatanisha.

5.0 Kagunga, Mei 2015

Mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili kuliko mingine yote ni wa kijiji cha Kagunga. Kijiji hiki kiko ufukweni, kaskazini mwa Gombe, karibu na mpaka wa Burundi, na nyuma yake pana milima mikali. Machafuko ya kisiasa yalipozuka Burundi mwezi Aprili 2015, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia hapo. Kwa mkimbizi, Kagunga ilifikika kwa urahisi: alivuka mpaka kwa miguu au kwa mtumbwi. Kwa lori la chakula, mahema na dawa, kijiji kilekile, siku ileile, hakikufikika. Njia iliyobaki ilikuwa ziwa. Wakimbizi walipelekwa kwa boti ndogo hadi kwenye Liemba iliyosimama majini, wakasafirishwa hadi Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wakati huo kipindupindu kilikwisha kuingia, na hadi mwishoni mwa Mei watu wapatao 30 walikuwa wamefariki.

Swali kama Kagunga inafikika au haifikiki halina jibu moja. Jibu hutegemea anayeuliza ni nani na amebeba nini. Taarifa inayokiweka kijiji hicho katika orodha ya maeneo magumu kufikika humwambia msomaji sehemu ya ukweli tu, kwa sababu watu walikifikia kwa maelfu kabla msaada haujawafikia. Sentensi iliyotakiwa ni ile inayotenganisha pande mbili: kijiji kinafikika kwa miguu kutoka Burundi, lakini hakifikiki kwa lori kutoka Kigoma. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, na ndani yake mpangaji wa misaada anaona kwamba anahitaji meli.

6.0 Kilicho karibu na kinachofaa

Mwambao wa ziwa unaonyesha pia kwamba ukaribu pekee hautoshi kuitwa upatikanaji wa huduma. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kigezo cha wazi: kituo cha maji kiwe ndani ya mita 400 kutoka makazi, na kihudumie watu 250. Kaya nyingi za ufukweni Ujiji ziko ndani ya umbali huo kutoka ziwani. Kwa kauli ya kawaida, maji yapo mlangoni. Hata hivyo, maji yanayochotwa ufukweni panapofuliwa nguo, kuoshwa vyombo na kuegeshwa mitumbwi si maji ambayo sera iliyakusudia. Maji yanafikika, lakini maji safi na salama hayapatikani. Vitenzi viwili katika sentensi moja vinaeleza kile ambacho kitenzi kimoja kingekificha.

Hapa ndipo tofauti ya msingi baina ya maneno hayo mawili inapojitokeza. Kufikika huhusu njia: je, mtu anaweza kwenda? Kupatikana huhusu kitu: je, akifika atakikuta, kwa kiwango kinachofaa? Zahanati huweza kufikika na dawa zisipatikane. Dawa huweza kupatikana bohari na zahanati isifikike wakati wa masika. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo hilo ni la njia. Halitimizi peke yake lile la kitu, na tasnifu inayochanganya maneno hayo mawili huchanganya pia matokeo yake.

7.0 Mapendekezo ya matumizi

Kutokana na uchambuzi huu, waandishi wa tasnifu na wakaguzi wa tafsiri wanaweza kuongozwa na kanuni zifuatazo.

Kwanza, kufikika litumike kwa mahali, na lifuatwe na chombo, mahali pa kuanzia na majira. Mfano: kijiji kinafikika kwa boti kutoka Kibirizi pasipokuwa na upepo mkali.

Pili, kupatikana litumike kwa kitu au huduma, na lifuatwe na wakati na kiwango. Mfano: dawa za malaria zilipatikana siku zote za utafiti.

Tatu, inapodaiwa kwamba watu wamepata huduma kweli, itumike kauli ya kutendwa au ya kutenda ili watu waonekane: kaya zimefikiwa na umeme, wajawazito walijifungulia kituoni. Kauli ya kutendeka haithibitishi tendo lililofanyika.

Nne, kiganjani liachwe kwa huduma inayokamilika ndani ya simu. Katika kutafsiri msemo wa Kiingereza wa ncha za vidole, mtafsiri achague kulingana na muktadha: kwa maarifa, anayafahamu vyema au anayajua kwa ghibu, kwa zana, ziko tayari kutumika, kwa mahali, pako karibu.

Tano, maneno kwa urahisi yasiandikwe bila kipimo. Urahisi hupimwa kwa muda, nauli, umbali au hatari, na kila kimojawapo huweza kutajwa kwa maneno machache.

8.0 Hitimisho

Kauli ya kutendeka ni hazina ya Kiswahili, nayo humwezesha mwandishi kueleza hali ya vitu kwa ufupi na bila kumlaumu mtu. Ufupi huo unageuka kuwa kasoro pale ambapo anayeondolewa katika sentensi ndiye ambaye sentensi iliandikwa kwa ajili yake. Mifano ya Ujiji, Gombe, Liemba na Kagunga imeonyesha kwamba mahali pamoja huweza kufikika na kutofikika kwa wakati mmoja, kutegemea mtu, chombo na majira. Mtahini anayesoma kwamba huduma katika mwambao wa Ziwa Tanganyika inafikika kwa urahisi anayo haki ya kuuliza maswali matatu: na nani, kwa chombo gani, na lini. Tasnifu iliyoandikwa vyema itakuwa imeyajibu kabla hayajaulizwa.